Mara Saba

“Mara mbili?” Victorine aliuliza.

Mgeni alitazama namba aliyochorewa mavumbini: 142857. Majirani walijaa uwanjani.

“Mbili, nane, tano, saba, moja, nne.”

Gérard, shemeji yake Victorine, alikunja uso. Alikuwa angali mtoto wa kuchunga mbuzi wakati kaka yake Antoine alipochukuliwa kwenda migodi ya bati, mwaka wa vita. Sasa, miaka kumi baadaye, mtu mwenye uso ulioungua kwa baruti ameingia kijijini Wamaza na kusema: mimi ni Antoine, na huyu ni muke wangu.

“Kambini watu wanalala pamoja, wanaambiana mengi,” Gérard alisema. “Shemeji, chimba mpaka chini. Akikosa, tunamufunga kamba, tunamupeleka Kabambare kwa muzungu wa serikali. Fimbo itamukumbusha jina lake.”

Victorine hakuwa na haraka. Tangu asubuhi alikuwa akimchungulia huyo mtu: anavyokaa, anavyopokea maji kwa mikono miwili. Mgeni alimwambia aksanti. Neno hilo lilimshtua.

Namba ile ilikuwa yao wawili tu. Antoine aliitoa shuleni kwa mapadri, Kasongo. Kila jioni, kabla ya kugusa chakula, alimwuliza mkewe, naye mkewe akajibu. “Hawa ni watoto sita wanaocheza duara,” alikuwa akisema. “Zidisha mara mbili, zidisha mpaka mara sita: watoto ni wale wale, anabadilika tu anayetangulia. Lakini mara saba duara linavunjika. Tisa tupu, zote sita.”

“Mara tatu?”

“Nne, mbili, nane, tano, saba, moja.”

“Mara sita?”

“Nane, tano, saba, moja, nne, mbili.”

Mama Albertine, jirani, akapiga vigelegele. “Ni yeye! Mungu iko mukubwa!”

“Ngoja kwanza, mama,” Gérard akamkata. “Chungu haijachemka, wewe unaleta sahani.”

Victorine alifuta mavumbi kwa kiganja. Kidole chake kidogo, kile kilichopinda, kiliacha mfuo wake peke yake.

“Mara saba?”

Jasho lilimshuka mgeni juu ya makovu. Midomo yake ilicheza bila sauti, ikizunguka na wale watoto.

“Duara limekwisha,” alisema polepole. “Inarudi mwanzo. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba.”

Hakuna mwingine pale aliyejua jibu. Gérard alikuwa tayari na kamba mkononi.

“Shemeji, sema. Ni yeye ao si yeye?”

Victorine alikitazama kidole chake, ambacho Antoine alikivunja jioni ile yeye alipokosea jibu la mara saba.

“Ni yeye,” akasema. “Ingia ndani, bwana yangu. Chakula iko tayari.”