Daraja Lisilo na Karatasi

Kwa siku ya tatu, Michel, shefu wa mtaa, alitoka nyumbani kwake huku pazia limemnasa kichwani.

"Mulango yetu iko wapi, mama Junior?"

"Iko kwa seremala," mkewe Sidonie akajibu bila kugeuka.

"Seremala gani huyu asiyemaliza?"

Hakuwa na muda wa kugombana. Ofisi ya mjini ilikuwa imemtuma: daraja la miguu lililozuka juu ya korongo libomolewe leo, maana halina karatasi. Akaondoka na wanaume wawili wenye mitarimbo. Njiani mapazia yalipepea milangoni nyumba hadi nyumba, naye akadhani wanawake wameiga la kwake.

Korongo lile lilikuwa limetenga mtaa na soko la Kasongo. Kwa miaka miwili watu waliandika barua, Michel akazipeleka, na jibu likawa lile lile: dosie yenu inasomwa. Mwezi uliopita Benita alishikwa na uchungu, akazungushwa kwa pikipiki barabara ndefu kuelekea hospitali, akajifungulia njiani. Mtoto hakupona. Tangu hapo wanawake waliacha kuandika.

Sasa aliwakuta wamekaa juu ya daraja, na vikapu vyao vya majani ya sombe vimejaa miguuni. Walikuwa wameshindilia udongo mwekundu juu ya mbao ili watu wasiteleze, hata mbao zenyewe hazikuonekana.

"Hii kilalo haina otorizasio," Michel alisema. "Inapashwa kutoka leo."

"Na hii shimo, ilikuwa na otorizasio ya kula njia yetu?" aliuliza mama Anastasie, mkubwa wao kwa umri.

Wanawake wakacheka. Michel hakucheka. Aliona aibu, na aibu ikamtia hasira.

"Mimi ninatumwa tu, mama. Simameni."

"Hatusimame." Kisha mama Anastasie akasogeza kikapu chake, akaachia nafasi pale mwanzoni, mbele ya miguu ya Michel. "Lakini kama unataka kutoa, shefu, anzia hapa."

Mmoja wa wale wanaume akakwangua udongo kwa mtarimbo. Ubao ulikuwa mpana, wa buluu, na pembeni ulikuwa na kitasa. Michel akainama. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, ukashika ufunguo wa nyumbani.

"Piga hodi kwanza, baba Junior," Sidonie alisema kutoka katikati ya wanawake.