Kijiti Ndani ya Kiondo

"Bosi, nianze kung'oa miti?" dereva wa trekta aliuliza kwenye simu. Alikuwa Kitui, katika msitu wa familia ulioungua. Ndambuki alikuwa kwake mtaani Kabiria, Nairobi, ambapo mamake alikuwa amefika tu na kiondo.

"Ngoja kidogo," Ndambuki alisema.

Mama alitoa pojo, akatoa mbaazi, halafu kijiti cheusi tii.

"Mama! Umeniletea kuni Nairobi?"

"Ni cha msituni kwetu. Kwaruza na ukucha."

Akakwaruza. Masizi yalitoka, na chini yake kulikuwa na kijani kibichi, chenye unyevu bado.

"Sasa huyo ndiye unataka kuzika?"

Ndambuki aliutazama ukucha wake, akacheka taratibu.

"Bosi, uko?"

"Zima hiyo trekta. Hapo kuna mgonjwa ameanza kupata nafuu."