Mahari ya Vitu Kumi na Vitatu

Muigai hakuwa na kitanda, hakuwa na viatu, taa, sahani, kiti, kisu wala mlango. Sukari hakuwa nayo. Redio alikuwa nayo zamani, akaitupa. Siku wageni kutoka Sirisia walipofika kwake Kitale, aliwakaribisha sakafuni kwa fahari ya mtu anayeonyesha boma lililojaa mifugo.

"Hata mkeka huna?" aliuliza Mzee Wepukhulu, baba yake Nekesa, msichana ambaye Muigai alikuwa akimchumbia.

"Hata mkeka, mzee."

"Vizuri. Wilkista, andika."

Wilkista, dada ya mzee, akaandika.

Mambo yalikuwa yamebadilika tangu mwaka wa 2003, Mtambo ulipowekwa kwenye ghala la mahindi la Kitale. Uliuomba kitu, ukakupa bure: gunia la unga, baiskeli, koti. Mwaka uliofuata Bungoma nayo ikapata wake. Ukiomba ng'ombe, ulimpata kabla hujamaliza kutaja rangi.

Hapo ndipo wazazi wenye mabinti walipopata taabu. Wachumba watatu walimletea Mzee Wepukhulu ng'ombe mia mbili katika wiki moja. Aliwafukuza wote, wachumba na ng'ombe. "Hawa nitawafugia wapi, juu ya paa? Na ng'ombe wa bure ataniambia nini juu ya mtu?"

Wazee wa Sirisia wakakaa, wakaamua. Mahari ingebaki kumi na tatu kama zamani, lakini si ng'ombe tena. Mchumba angeishi mwaka mzima bila vitu kumi na vitatu anavyovitaka kweli, huku Mtambo ukiwa karibu naye. Anayeweza hayo, walisema, ataweza ndoa. Wengi walishindwa kwenye sukari.

Muigai alianza kwa kulia. Mwezi wa kwanza hakupata usingizi kwa baridi. Mwezi wa tano aligundua kwamba nyumba isiyo na taa haina mtu wa kuulizwa nani ameiacha ikiwaka. Mwezi wa nane alijikuta akicheka peke yake, bila sababu.

"Na hizi barua?" Wilkista aliinua rundo la bahasha kutoka pembeni. "Nekesa ameandika kila wiki. Mbona hujafungua?"

"Kisu sina, mama."

"Si uko na vidole?"

Mzee akacheka. "Muache, Wilkista. Huyu amezoea kukosa mpaka amesahau vidole ni vyake. Hesabu, twende."

Wilkista alihesabu mara mbili. "Ni kumi na mbili."

"Kumi na tatu, mama," alisema Muigai. "Kuna blanketi."

"Ati blanketi? Na ile imeanikwa huko nje ni ya nani?"

Muigai aliinamisha kichwa. "Mwezi wa saba kulikuwa na mvua ya mawe."

"Kijana wangu," alisema mzee, "mimi nilitoa ng'ombe kumi na watatu kwa mama yake Nekesa. Wa mwisho alikuwa anachechemea. Nilimsukuma kutoka Bumula mpaka kwao, na mimi mwenyewe nikiwa na malaria. Sikumwambia mtu habari ya mvua. Kumi na mbili ni urafiki tu."

"Nipe nafasi, mzee."

"Fikiria kama kuna kitu kingine umeishi bila hicho mwaka huu wote. Lakini kiwe kitu ulikitaka. Usiniletee mambo ya mwavuli ambao hukuutamani. Ukikipata, niandikie, neno lako natosheka nalo. Ijumaa ikifika kama sijasikia kitu, kuna kijana wa kwa Mukhwana. Yeye amemaliza zote, na amekonda vizuri."

Wageni walipoondoka, Muigai alizunguka nyumba yake akitafuta kile asichokuwa nacho. Kazi hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kioo? Alikuwa nacho mpaka mwezi wa pili. Kofia? Hakuwahi kuitaka. Aliliangalia rundo la bahasha kwa muda mrefu. Kisha akavuka hadi kwa jirani yake Waithera, akaazima kalamu na karatasi.

"Umekipata?" Waithera aliuliza.

"Nimekipata."

"Asante Mungu. Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa utabaki peke yako."

Muigai alirudi, akalala kifudifudi sakafuni, akaandika kwa mwandiko wake mzuri:

"Kwako Mzee Wepukhulu. Cha kumi na tatu ni Nekesa mwenyewe. Nilimtaka kuliko sukari na blanketi, na nimeishi mwaka mzima bila yeye, hata sasa sioni taabu yoyote. Mahari imetimia, mzee. Yeye abaki hapo nyumbani."

Akaibandika bahasha kwa ugali wa jana, akatembea pekupeku hadi posta, akaitumbukiza.