Supu ya Alhamisi

Nakiri mapema: mimi ndiye niliyecheka, na mimi ndiye niliyemchochea aandike.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, chai bado ya moto. Skrini ya Fundi ilikuwa inasema mama yake amemaliza supu yake yote siku ya Alhamisi. Alhamisi yenyewe bado haijafika.

"Mama yako ana bahati," nikamwambia. "Wenzake wanasubiri siku ifike ndiyo wale."

Hakucheka. Huu ni mwaka wa tisa tunatengeneza printa meza moja, naijua sura yake ikikunjika. Ilikunjika kama ya mtu aliyekuta unywele mdomoni.

Mama yake anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Stoo ya nyumba ile Fundi kaweka kompyuta moja kubwa, haizimwi. Ndani ya hiyo moja katengeneza nyingine tatu, anaziita mashine pepe: hazina boksi wala waya, lakini kila moja inafanya kazi kama kompyuta kamili. Moja ya majaribio yake, moja ya picha za familia, moja ya daftari la mama. Akiwa hapa kazini anafungua skrini ya yoyote anayotaka. Kinachoonekana kule kinaonekana huku, na mshale ni mmoja. Ukiusogeza huku, unasogea kule.

Mama alikuwa mpiga chapa wa ofisi miaka thelathini, mpaka kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia na kumnyang'anya sauti. Nesi anakuja kila asubuhi, anamlisha, anamwogesha, anamgeuza, kisha anayaandika yote daftarini, kwenye skrini na kibodi vilivyowekwa kando ya kitanda ili mama aone na picha za wajukuu zake. Huyu ni nesi wa tatu. Ndugu zake Fundi walishakata shauri: naye akiondoka, mama anapelekwa nyumba ya wazee na mlango unatiwa kufuli. Siku alipoambiwa, mama alilia kwa nusu ya uso mpaka jioni.

Sasa tukawa tunaangalia Ijumaa ikiandikwa. Herufi moja, kimya, herufi nyingine.

*Mgonjwa ameogeshwa. Shuka zimebadilishwa.*

"Anatumia kidole kimoja," nikasema. "Mkono wa pili bila shaka umeshika mkate."

"Na hakosei hata nukta," Fundi akasema. "Mwanzoni alikuwa anaandika kama kuku anayeparua. Uongo umemsomesha."

"Si umpigie simu?"

"Simu yake imeharibika. Aliandika humo humo, wiki tatu sasa."

Akasukuma kikombe mbali. Nesi wa pili naye aliandika hivyo hivyo, shuka zimebadilishwa, shuka zimebadilishwa. Fundi alipokwenda mwisho wa mwezi alikuta shuka imegandia mgongoni kwa mama. Aliibandua kwa maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, na ngozi ikija nayo. Harufu ile, aliniambia, ilikaa kwenye shati lake hata baada ya kufuliwa mara nne. Shati akalichoma.

"Nikinywa hii chai nitatapika," akasema.

Kule nako kazi inaendelea.

*Mgonjwa ana furaha.*

Hapo ndipo Fundi alipoukamata mshale, akauvuta mpaka pembeni. Aliye kule naye akauvuta kuurudisha. Fundi akavuta tena. Ukawa unayumba kama inzi aliyelewa, huku unavutwa kwa nguvu, kule unavutwa kwa uvivu uvivu.

"Tazama hata kushindana hawezi," Fundi akasema. "Mvivu mpaka kwenye wizi wake."

"Mwandikie," nikamwambia. "Usimwonee haya. Mpe za uso."

Akaandika pale pale, kwenye mstari wa Jumamosi, anabonyeza mpaka meza inatikisika:

*Wewe ni mchafu kuliko hizo shuka unazomlazia. Nikikufikiria nasikia kichefuchefu. Mikono yako isimguse tena mama yangu. Leo hii nawaambia ndugu zangu wote.*

Mshale ukasimama.

Tukangoja. Chai ikapoa, ikavaa ngozi juu. Mteja mmoja akaingia na printa yake kwapani, nikamwonyesha benchi kwa kidevu.

"Kakimbia," nikasema.

Herufi zikaanza kuja. Moja. Kimya. Nyingine. Fundi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa skrini, midomo yake ikizisoma kabla hazijawa maneno.

*Nesi aliondoka wiki tatu zilizopita, mwanangu. Jirani hunipa uji. Leo mkono umepata nguvu kidogo, nikaona nijaze mpaka Jumapili.*

Fundi akaanza kuufuta mstari wa Jumamosi, herufi moja moja.

*Tafadhali usiwaambie.*