Ngiri na Njia ya Viazi Sita

Paliondokea Ngiri mmoja, mwema wa moyo lakini mgumu wa mkono, aliyealikwa kwenye arobaini ya mtoto wa dada yake. Aliambiwa shughuli ni Jumatano, na kwao nywele za mtoto hunyolewa na mjomba.

Mbuni alitaka viazi kumi ili amfikishe kwa siku moja.

"Kumi? Kwani unanibeba au unaninunua?" akasema Ngiri.

Akaulizia huku na huku mpaka akapata njia ya viazi sita: Kiboko amvushe mto, Nyumbu amkatishe mbuga, kisha Kobe ampeleke hadi mlangoni.

"Tutafika lini?" akamuuliza Kobe.

"Tutafika, bosi," Kobe akajibu.

Wakafika Jumamosi. Ngiri akashuka ameinamisha kichwa, maana aliamini mpwa wake sasa ameshanyolewa na mnyama baki, kwa sababu ya viazi vinne tu. Lakini uani masufuria ndiyo kwanza yalikuwa yanachemka, na mtoto alikuwa na nywele zake zote.

"Karibu, kaka," dada yake akasema, akimpa wembe. "Umewahi."

"Si ulisema Jumatano?"

"Wewe ndiye niliyekuambia Jumatano. Wenzako wote niliwaambia Jumamosi. Nakujua tangu tukinyonya."

Ngiri akanyoa polepole, machozi yakimlengalenga. Alipomaliza, akawageukia wageni na kuanza kuwaeleza jinsi alivyookoa viazi vinne, na dada yake akawakonyeza wasimbishie.