Mume wa Kuazima

Katika zahanati ya mji ule, mwanamke mwenye ugonjwa wa zinaa hakutibiwa mpaka aje na mumewe. Ndiyo maana Mashavu, aliyeishi kwa kuuza mwili, alikaa kwenye benchi na Mzee Kibwana, fundi viatu, aliyekubali kujifanya mumewe. Tumbo la chini lilimwaka moto, na usingizi alishausahau. Mwenzake Tunu alikuja peke yake, akafukuzwa hapo hapo na maumivu kama hayo, akafia chumbani kwake peke yake.

Nesi akatoka, akamkazia macho mzee.

"Baba, si juzi tu ulikuja na mkeo mwingine?"

Tangu Tunu afe, wenzake Mashavu wote walimwazima mzee huyo huyo, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja atatambulika.

"Dini imeniruhusu wanne, binti yangu," mzee akajibu.

"Huyu ni wa sita!"

Benchi zima likacheka. Mama mmoja akamvuta mtoto wake, akasogea mbali na Mashavu.

"Twende zetu," mzee akanong'ona, akimshika mkono.

Mashavu akautoa mkono wake. "Sina mume, sista," akasema. "Naumwa."

Kicheko kikakatika. Nesi akausukuma mlango kwa mgongo, akaingia ndani. Hakusema njoo wala ondoka. Mlango ukabaki nusu wazi, na Mashavu akashika ukingo wa benchi, akaanza kuinuka taratibu aingie.