Mti wa Dirisha la Jikoni

Mwoka keki alimfumania baba mkwe wake alfajiri, ameinama chini ya mti, akimimina kitu cha njano kutoka kwenye ndoo. Harufu ilimpiga usoni. Akalibamiza dirisha la jikoni na kutema mate kwenye sinki.

Ulikuwa mkojo.

Mti huo wa porini, mzee alikuja nao alipohamia kwao, ukiwa mche wa kimo cha goti. Alichimba shimo pana, akatandaza majani makavu kuzunguka shina, akaunywesha kiangazi kizima. Sasa ulifika dirishani, umefunikwa maua meupe. Wateja wa keki waliusifu. Yeye kila alipoyatazama maua yale, alifunga dirisha.

"Baba, kweli mkojo? Hapa ninapopikia?"

"Nauchanganya na maji mengi, mwanangu. Mti unaupenda."

"Si choo kipo ndani!"

Mzee akainamisha kichwa, akaisuuza ndoo.

Tangu siku hiyo mwoka keki hakumeza chochote alichogusa mzee. Alimtengea kikombe, alimtengea kijiko. Hata mzee aliponawa mara tatu kwa sabuni, yeye aliiona mikono ile inanata.

"Mwache mzee wa watu," mama yake mzazi alimwambia kutoka chumba cha uani. Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, hakosi manukato, hata tangu alipoanguka na kuanza kutembelea fimbo.

"Wewe mama, ulivyo msafi, unamtetea vipi?"

Mama aligeukia ukutani.

Jumamosi mteja mmoja aliziba pua mlangoni. Ikawa imetosha.

"Ama yeye, ama mimi," alimwambia mumewe.

Jumapili mzee akapelekwa kwa mwanawe mkubwa, na begi moja. Aliomba tu mti usikatwe.

Jumatatu mwoka keki aliamka mwepesi. Akafungua dirisha, akavuta hewa hadi ndani kabisa ya mapafu. Ndipo akamsikia mama yake anamwita, kwa sauti ndogo asiyopata kuisikia kwake.

Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, hamtazami, sakafu imelowa miguuni pake.

"Nimejaribu kufika chooni mwenyewe," mama alisema. "Mzazi mwenzangu, aliyekuwa akinitolea ndoo, aliniapia hutajua kamwe."